Hata Maskini Anywe Vikombe Vinne

Karamu ya Pasaka ya Wayahudi na sheria zake, pamoja na habari za Wayahudi wa Mbale

Ndugu mmoja wa hapa Mbesa ametuletea swali ambalo huenda wengi wetu tumelipita mara nyingi bila kuliona. Anasema: "Nimesoma Injili ya Luka, sura ya 22. Bwana anatwaa kikombe kabla ya mkate, kisha anatwaa kikombe tena baada ya kula. Je, vilikuwa vikombe viwili, au ni kimoja kilichotajwa mara mbili?"

Swali ni zuri, na Myahudi aliyelelewa katika dini ya baba zake angetabasamu kulisikia, maana kwake vikombe viwili ni vichache. Usiku wa Pasaka kila mtu aliye mezani, mwanamume kwa mwanamke, hunywa vikombe vinne, na kila kikombe kina mahali pake. Cha kwanza hunywewa mwanzo kabisa, kabla ya mkate. Cha tatu hunywewa baada ya chakula, watu wakiisha kumshukuru Mungu kwa kushiba. Kwa hiyo mtu anayeijua meza hiyo haoni ajabu kikombe kikitajwa kabla na baada.

Lakini tuseme kwa uangalifu. Sheria za karamu hiyo tunazijua hasa kwa kitabu kiitwacho Mishna, kilichokusanywa na walimu wa Kiyahudi karibu mwaka 200 baada ya Kristo, na kwa Talmudi iliyokuja baadaye kuifafanua. Si haki kusema kwamba kila jambo tutakaloeleza hapa lilitendeka vile vile katika chumba cha juu kule Yerusalemu. Wataalamu wanabishana hata juu ya siku yenyewe, maana Injili ya Yohana haihesabu kama zile nyingine. Tunaloweza kufanya ni kuingia katika nyumba ya Myahudi usiku wa Pasaka, tukae karibu na mlango, tutazame. Wala hatuna haja ya kusafiri mpaka Yerusalemu. Nyumba za namna hiyo zipo Afrika Mashariki, karibu na mji wa Mbale, chini ya Mlima Elgon katika Uganda, na habari zao zinatuhusu sisi Watanzania kuliko wengi wanavyodhani. Tutazifikia.

Nyumba yafagiliwa

Pasaka huanza usiku wa kumi na tano wa mwezi uitwao Nisani. Miezi ya Wayahudi huhesabiwa kwa kuandama kwa mwezi, kwa hiyo usiku huo mwezi ni mpevu sikuzote. Katika nchi ya Israeli sikukuu ni ya siku saba, na karamu ni usiku mmoja. Walio nje ya nchi hiyo hufanya siku nane, na karamu mara mbili. Sababu yake majirani zetu Waislamu wataielewa upesi: zamani habari ya mwezi kuandama ililetwa na wajumbe kutoka Yerusalemu, na wale walio mbali hawakuwa na hakika ya siku. Basi wakafanya mbili, wasije wakakosa ile ya kweli. Siku hizi kalenda imekwisha kupigwa hesabu, lakini desturi imebaki.

Usiku mmoja kabla ya Pasaka, mwenye nyumba huwasha taa na kutafuta chachu katika kila pembe: nyufa za meza, mifuko ya nguo za watoto, chini ya vitanda. Chachu maana yake ni chochote kilichotokana na ngano au shayiri kikaumuka, kama mkate, maandazi au pombe ya shayiri. Walimu wa Talmudi wanasema atafute kwa taa ndogo, si kwa mwenge. Mwenye kukaa katika nyumba ya nyasi hahitaji kuelezwa kwa nini. Kinachoonekana huchomwa moto asubuhi yake. Mama wa nyumba amekwisha kufanya kazi ya wiki nzima kabla ya hapo, ingawa vitabu vya sheria humtaja bwana zaidi. Hivyo ndivyo vitabu vilivyo, vya Wayahudi na vya wengine.

Utaratibu wa meza

Jioni inapoingia watu huketi. Mezani ipo mikate mitatu isiyotiwa chachu, iliyofunikwa kwa kitambaa. Ipo sahani yenye mboga chungu, mboga nyingine ya kuchovya katika maji ya chumvi, mfupa uliochomwa kwa ukumbusho wa mwana-kondoo, yai, na mchanganyiko mtamu wa matunda na karanga au lozi, uliopondwa na divai mpaka ukafanana na udongo wa kujengea. Wayahudi wa Ulaya huufanya kwa matofaa, wale wa Yemeni kwa tende. Udongo huo ni ukumbusho wa matofali ya Farao.

Kwanza husemwa baraka ya kuitakasa siku, juu ya kikombe cha kwanza. Humshukuru Mungu aliyeumba tunda la mzabibu, kisha humshukuru kwa kuwapa sikukuu, kisha kwa kuwafikisha wakati huo wakiwa hai. Ndipo hunywa, wakiegemea upande wa kushoto. Kuegemea huku ni sheria. Zamani za Warumi mtu huru aliegemea alipokula, na mtumwa alisimama. Basi Mishna ikaagiza kwamba hata aliye maskini kuliko wote katika Israeli asile usiku huo mpaka ameegemea, kwa sababu usiku huo hakuna mtumwa.

Kisha hunawa. Hapo kuna jambo ambalo sisi tutajisikia nyumbani. Maji hayafunguliwi tu yakamwagika. Humiminwa kutoka katika chombo, kwa mkono wa mtu, mara mbili au tatu juu ya kila mkono. Mgeni aliyewahi kunawishwa kwa birika na beseni katika nyumba yoyote ya huku kwetu ameiona sheria hiyo bila kuambiwa. Ila wao hunawa mara mbili usiku huo. Mara ya kwanza hawasemi baraka, maana ni kwa ajili ya mboga ya kuchovya tu. Mara ya pili, kabla ya mkate, husema baraka, na tangu hapo hakuna mazungumzo mpaka mkate umeingia kinywani.

Baada ya mboga ya chumvi, mwenye nyumba hutwaa mkate wa katikati na kuuvunja. Nusu moja huirudisha, na ile kubwa huifunga katika kitambaa na kuiweka kando. Watoto huiiba wakaificha, na baadaye baba hulazimika kuwapa zawadi ili airudishe, maana karamu haiwezi kumalizika bila kipande hicho. Mtu asidhani ni mchezo wa bure. Karibu kila jambo la ajabu la usiku huo limewekwa ili mtoto asisinzie, apate kuuliza. Talmudi inasimulia kwamba Rabi Akiba aliwagawia watoto karanga za miti na bisi za nafaka kwa sababu hiyo hiyo. Angekaa kwetu Tunduru, bila shaka angewagawia korosho.

Mtoto mdogo kuliko wote huuliza: kwa nini usiku huu ni tofauti na siku nyingine? Ndipo baba huanza kusimulia, tangu utumwa hata wokovu, na hapo chakula hungoja. Katika nyumba nyingine hungoja muda mrefu sana, na harufu ya nyama inatoka jikoni. Sheria inasema kila mwenye kuzidisha kusimulia anasifiwa. Haisemi lolote juu ya matumbo ya wasikilizaji.

Nani aulize kama hakuna mtoto? Talmudi inajibu kwa uzuri: mke wake na amwulize. Kama hana mke, ajiulize mwenyewe. Na hata wazee wawili wenye elimu, wanaojua sheria zote za Pasaka, waulizane wao kwa wao. Kwa hiyo hakuna mtu aliye peke yake kiasi cha kusamehewa swali. Ndugu msomaji, liweke neno hili akilini, litahitajika mbele.

Wanapofika kwenye mapigo kumi ya Misri, wengi huchovya kidole na kutoa tone moja la divai kwa kila pigo. Huelezwa kwamba kikombe cha furaha kisijae, kwa kuwa Wamisri nao walikuwa watu, na waliumia. Kisha huimba Zaburi ya 113 na ya 114, hunywa kikombe cha pili, na sasa hunawa kwa ajili ya mkate.

Mkate wenyewe

Kipimo ni kidogo. Kila mtu lazima ale mkate usiotiwa chachu kiasi cha tunda la mzeituni, na wanasheria wamebishana kwa karne nyingi tunda hilo ni kubwa namna gani: wengine wanasema theluthi ya yai, wengine karibu nusu yai. Kikombe nacho kina kipimo, ujazo wa yai moja na nusu. Kwa hesabu inayotumika sana ni kama mililita 86, na mtu lazima anywe sehemu iliyo kubwa.

Mkate huu una unga na maji tu. Hakuna chumvi, hakuna mafuta. Ukiuona ungedhani ni chapati iliyosahauliwa juani. Nafaka lazima iwe moja katika tano: ngano, shayiri, au nafaka tatu za jamaa hiyo ambazo sisi hatulimi. Sababu yake ni ya ajabu kidogo. Nafaka ile ile inayoweza kuumuka ikawa haramu ndiyo peke yake inayofaa kwa mkate wa Pasaka. Tofauti kati ya haramu na faradhi ni muda tu. Maji yakiisha kuugusa unga, dakika 18 zikapita bila kukandwa wala kuingia motoni, huhesabiwa kuwa umeanza kuchacha.

Kwa hiyo kazi hufanywa mbio, kwa watu wengi pamoja: mmoja anamimina, wa pili anakanda, wa tatu anasukuma, wa nne anatoboatoboa, wa tano yuko motoni. Hata maji yana sheria. Huchotwa jioni, yakalala usiku kucha katika chombo ili yapoe, maana maji ya moto huharakisha chachu. Akina mama wanaojua tofauti ya maji ya mtungini na maji yaliyoachwa juani wataona kwamba walimu hawa hawakuwa wajinga wa mambo ya jikoni.

Baada ya mkate huliwa mboga chungu, kisha mkate na mboga pamoja, kisha chakula chenyewe. Mwisho huliwa ile nusu iliyofichwa, kabla ya saa sita ya usiku. Tangu hapo hakuna kula kitu kingine, ili ladha ya mkate huo ibaki kinywani. Hufuata sala ya shukrani baada ya kula na kikombe cha tatu, halafu Zaburi zinazobaki, tangu ya 115 hata ya 118, na kikombe cha nne. Marko anaposema kwamba Bwana na wanafunzi wake waliimba kisha wakatoka kwenda mlima wa Mizeituni, wengi hufikiri ni Zaburi hizo.

Divai ya maskini

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mimi naona ni moyo wa sheria hizi. Divai ni ghali. Yatima, mjane, kibarua, watapata wapi vikombe vinne?

Mishna haipunguzi hesabu. Inasema maskini naye asipungukiwe vikombe vinne, hata kama anakula kutoka katika sahani ya sadaka. Maana yake ni kwamba wenye kugawa sadaka ndio wanaobanwa: wasimpe kimoja wakasema kinamtosha. Na tangu zamani, kabla ya Pasaka, kila mji wa Wayahudi hukusanya fedha ya ngano kwa ajili ya maskini. Kila mkazi hutoa au hupokea, hakuna wa tatu.

Kitabu kikubwa cha sheria, Shulhan Arukh, ambacho jina lake maana yake ni meza iliyoandaliwa, kinaongeza neno kali. Kitabu hicho kilitungwa na Rabi Yosef Karo wa mji wa Safed, kikapigwa chapa Venice mwaka 1565. Kinasema kwamba maskini auze nguo yake, au akope, au ajiajiri, ili apate divai ya vikombe vinne. Hapo msomaji atashtuka, kama nilivyoshtuka mimi. Kwa maana kwa habari ya Sabato Talmudi ilikwisha kusema kinyume: afadhali kuifanya Sabato yako kama siku ya kazi kuliko kuwahitaji watu. Kwa nini hapa ni tofauti? Wanajibu kwamba vikombe vinne vimewekwa ili kutangaza mwujiza, na mwujiza usipotangazwa na maskini, nani atauamini? Tajiri aliyeegemea hamshangazi mtu. Ni maskini aliyeegemea anayesema kwamba Farao alishindwa kweli.

Na kama divai haipatikani kwa fedha yoyote? Sheria ina njia. Zabibu kavu zilowekwe katika maji, zikamuliwe, nazo ni divai. Mahali ambapo hata hizo hazipo, Rabi Moses Isserles wa Kraków, aliyeongeza maneno yake katika kitabu cha Karo kwa ajili ya watu wa Poland, aliruhusu kinywaji cha asali, kwa kuwa ndicho kinywaji cha heshima cha nchi ile. Wanaojua wanzuki watashangaa kuona ndugu yake amepewa ruhusa katika nchi ya theluji. (Simsifu mlevi. Vikombe vyenyewe, kama tulivyosema, ni vya mililita 86.) Pombe ya shayiri lakini haina ruhusa hata kwa mfalme, kwa maana ni chachu.

Na ugali je?

Mtu wa Mbesa atauliza: wiki nzima bila mkate si kitu, sisi hatuli mkate kila siku. Lakini ugali? Wali? Muhogo?

Talmudi inasema mchele na mawele haviumuki, bali huoza tu. Kwa hiyo si chachu. Wayahudi wa asili ya Uarabuni na Afrika ya Kaskazini wengi hula wali wakati wa Pasaka bila wasiwasi. Wale wa Ulaya ya Kaskazini walijizuia tangu zamani za kati, wakahofu kwamba punje za ngano zimechanganyika katika magunia. Baadaye mahindi yalipotoka Amerika, nayo yakatiwa katika katazo hilo, pamoja na maharagwe. Mwezi Desemba 2015 baraza la sheria la chama kimojawapo cha Wayahudi wa Marekani, kile kiitwacho Conservative, liliamua kwamba hata watu wa asili ya Ulaya wanaweza kuvila. Muhogo, viazi na ndizi havikuwa na neno tangu mwanzo, kwa kuwa si nafaka.

Ndizi ina habari yake. Myahudi hali kitu bila kusema baraka, na baraka si moja. Tunda la mti lina baraka yake, zao la ardhi lina yake. Embe na korosho ni matunda ya mti. Ndizi je? Ukimtazama mgomba kwa mbali utasema ni mti. Lakini Shulhan Arukh yaamua kwamba ndizi isemewe baraka ya mazao ya ardhi, kwa sababu mgomba ukiisha kuzaa hufa, na wa mwaka unaofuata hutoka upya shinani. Mkulima yeyote wa Tukuyu au Bukoba angewaambia hivyo bure.

Watu wa Mbale

Katika nchi ya migomba ndiko walikotokea Abayudaya, neno la Kiganda lenye maana ya Wayahudi. Mwanzo wao ni Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyewasaidia Waingereza kutwaa mashariki ya Uganda, na ndiye aliyeanzisha mji wa Mbale. Alikuwa Mkristo wa Kiprotestanti, msomaji sana wa Biblia. Akafarakana na Waingereza juu ya cheo, akakaa milimani na kusoma. Aliposoma Agano la Kale alisema kwamba maagizo haya yameandikwa ili yatendwe. Mwaka 1919 alijitahiri, yeye na wanawe, akajitenga.

Yeye na watu wake hawakuwa wamemwona mwalimu wa Kiyahudi. Walishika Sabato, walishika sikukuu kama walivyozisoma, na bado mambo mengine ya Kikristo walikuwa nayo. Karibu mwaka 1920 akaja Myahudi mmoja jina lake Yosefu, akakaa nao miezi kadhaa, akawafundisha kalenda, kuchinja na sikukuu. Kumbe baraka na taratibu hizi tulizozieleza haziwezi kupatikana katika Kitabu cha Kutoka peke yake. Biblia inaagiza mkate na mboga chungu; haisemi vikombe vinne. Mambo hayo hupita kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha Kiganda chenye mafundisho kwa ajili ya watu wake. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928, na waliobaki wakaendelea peke yao katika vijiji vya kilima cha Nabugoye na vya jirani.

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alitwaa serikali. Dini ya Kiyahudi ikapigwa marufuku. Masinagogi yakafungwa, na wengi wakageuka kuwa Wakristo au Waislamu, ama kwa hofu, ama kwa ajili ya shule na kazi. Inakadiriwa kwamba walikuwa kama 3,000 kabla ya hapo, na baada ya miaka minane walibaki mia chache. Hao waliobaki waliomba kwa siri.

Msomaji na akumbuke sasa yale tuliyosema juu ya vikombe. Sheria yote ya usiku huo imesimama juu ya neno moja, kutangaza mwujiza. Je, mtu afanye nini katika nchi ambayo kutangaza ni kifungo? Jibu liko pale pale tulipolipita: mwenye mke, mke wake na amwulize, asiye naye, ajiulize mwenyewe. Mishna haitaki uwanja wala mnara. Kutangaza kwake ni ndani ya nyumba, baba kwa mtoto, na mtu aliye peke yake kwa nafsi yake. Sheria iliyotungwa na watu walioishi chini ya Warumi ilikwisha kulifikiria jambo hilo.

Mwezi Oktoba 1978 askari wa Amin walivuka mpaka wakaingia Kagera. Tanzania ikajibu. Wako kati yetu wazee waliopigana vita ile, na wajane wa wasiorudi. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa mikononi mwa majeshi ya Tanzania na Waganda waliopigana pamoja nao, na Redio Uganda ikatangaza kwamba serikali ya Amin imekwisha. Sasa fungua kalenda ya Kiyahudi ya mwaka ule. Jioni ya tarehe 11 Aprili 1979 ulikuwa usiku wa kumi na tano wa Nisani. Ndio usiku wa kwanza wa Pasaka.

Sitaki kulitia chumvi jambo hili. Mbale ilikuwa bado haijafikiwa na majeshi. Hata Jinja, iliyo njiani, ilitwaliwa siku kumi na moja baadaye. Askari wetu hawakuwa na habari ya Nisani, walikuwa wakiifuata barabara. Lakini watu waliofundishwa kila mwaka kujiona kama wao wenyewe wametoka Misri, nani atawazuia wasiisome kalenda hiyo kwa namna yao?

Baada ya vita Abayudaya walianza kukusanyika tena waziwazi, hasa vijana, katika miaka ya 1980. Kurudi kwao hakukuwa kwepesi, maana Wayahudi wa nchi nyingine waliuliza: mababu zenu hawakuzaliwa Wayahudi, wala hawakupokewa na mahakama ya marabi, basi ninyi ni nani? Swali hilo liliwauma watu ambao walikwisha kuteswa kwa jina hilo. Mwaka 2002 marabi wa chama cha Conservative walikuja Uganda, na mamia wakapokewa kwa mahojiano na kuzamishwa majini kama sheria inavyotaka. Wengine walikataa, wakisema wamekwisha kuwa Wayahudi tangu 1919 na hawahitaji kuwa tena. Katika kijiji cha Putti wako wanaofuata njia ya Waothodoksi. Hata watu wachache wana mabishano yao.

Gershom Sizomu, ambaye babu yake alikuwa mmoja wa viongozi wa jamaa hiyo, alikwenda kusoma Los Angeles, akawekwa kuwa rabi mwaka 2008, akarudi Nabugoye. Mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, na mwaka huo huo sinagogi jipya likafunguliwa kilimani. Leo Abayudaya wanakadiriwa kuwa kama 2,000. Mkate wa Pasaka huoka wao wenyewe, kwa unga na maji, mbio mbio, kama tulivyoeleza.

Na Zaburi huziimba kwa Kiganda na kwa Kiebrania, kwa sauti za kwaya za Kiafrika ambazo mtu wa Songea angezitambua kabla hajayajua maneno. Mwaka 2003 nyimbo zao zilitolewa Marekani katika sahani ya santuri na shirika la Smithsonian Folkways, na zikatajwa miongoni mwa zilizoshindania tuzo ya Grammy.